Naweza, Siwezi, Haturuhusiwi: Shajara ya Kupima Kujiamini kwa Wanafunzi Mbele ya Akili Mnemba

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimefungua daftari jipya la kaunta na kuandika juu ya jalada: MRADI. Mkuu wa shule ametoa kibali cha maandishi, mwenzangu wa Kiswahili amekubali kunisaidia, na swali lenyewe limenikaa kichwani tangu mwaka jana: mwanafunzi akiambiwa atumie akili mnemba, yaani programu kama ChatGPT zinazojibu maswali unayoziandikia, kutatua tatizo, anajiona ataweza kwa kiasi gani?

Siulizi anaweza kwa kiasi gani kweli. Hilo nalo nitalipima, ila baadaye. Naanza na anavyojiona kwa sababu nafundisha Hisabati, na kila wiki namwona mtoto akishindwa kabla hajashika kalamu. Anasoma swali, anashusha pumzi, anafunga daftari. Ukimkalisha pembeni ukamwongoza hatua ya kwanza, analimaliza. Kwa hiyo hesabu haikumshinda. Alijihukumu mapema, na hukumu ile ndiyo iliyomzuia kujaribu.

Shule yetu ni ya bweni, mkoani Morogoro. Simu haziruhusiwi. Maabara ya TEHAMA ina kompyuta kumi na mbili, saba zinawaka. Watoto wanarudi likizo wakiwa wameshazungumza na ChatGPT kwenye simu ya kaka, au wamebonyeza kile kiduara cha Meta AI kilichojitokeza kwenye WhatsApp ya mama. Wengine hawajawahi kabisa. Tunataka kuanzisha klabu ya kutatua matatizo kwa msaada wa akili mnemba muhula wa pili, na sipendi kuianza bila kujua kila mmoja anaanzia wapi. Nikiwajua kwa kubahatisha, nitawahudumia wale wale wanaonyoosha mkono kila siku.

Msingi wa kazi nimeutoa kwa Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyezaliwa Kanada mwaka 1925 na kufundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1977 alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake katika kazi fulani huamua kama ataianza, atajitahidi kiasi gani, na atavumilia muda gani mambo yakiwa magumu. Neno la kushika hapo ni *kazi fulani*. Mtu anaweza kujua wazi kwamba hajui kuogelea na bado akajithamini sana. Kujithamini ni jambo jingine. Nimeliandika hili kwa wino mwekundu ukurasa wa kwanza, maana ndipo nitakapoteleza nisipokuwa mwangalifu.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekaa na madodoso ya wengine, zile orodha za maswali ya utafiti, nione la kwangu nitaliandikaje. Lipo la watafiti Schwarzer na Jerusalem, kauli 10 tu, kila moja inajibiwa kwa 1 hadi 4, kwa hiyo jumla ni kati ya 10 na 40. Limetafsiriwa kwa lugha nyingi, ni jepesi, na linavutia. Lakini linauliza juu ya uwezo wa jumla wa kukabiliana na maisha. Mtoto aliyelelewa na mama mjane akauza vitumbua tangu darasa la tatu atapata alama za juu hapo, na anastahili. Ila dodoso hilo halitaniambia chochote kuhusu atakavyokuwa mbele ya kompyuta.

Watafiti Compeau na Higgins, mwaka 1995, walipima kujiamini katika kutumia kompyuta, na hawa nimewapenda. Hawakuuliza "unajua kompyuta?" Walimpa mtu kazi moja ya kufikirika yenye programu asiyoijua, kisha wakabadilisha mazingira: ungeimaliza kama hakuna mtu wa kukuelekeza? Kama una kitabu cha maelekezo tu? Kama mtu angekuonyesha kwanza? Unaona kujiamini kunavyopanda na kushuka kadiri msaada unavyoongezwa au kuondolewa. Mfumo huo nitauchukua, maana ndivyo maisha ya wanafunzi wangu yalivyo: leo mwalimu yupo, kesho yuko semina, leo umeme upo, kesho umekatika.

Kuna pia kipimo cha Wang na Chuang, mahsusi kwa akili mnemba, chenye kauli 22. Kimefanyiwa kazi nzuri. Sehemu yake moja inahusu kuzungumza na mashine kana kwamba ni mtu, na hiyo kwa sasa nimeiweka kando. Mimi nahitaji kutatua matatizo: kulieleza tatizo, kuligawa vipande, kupata jibu, kulikagua.

Nimeandika kauli kumi na sita za kwanza. Usiku huu nimezisoma tena, na nusu yake zinanuka tafsiri.

Jumanne, 25 Februari

Leo ilikuwa siku ya lugha, na sikutegemea itanichosha hivi.

Tulifuata njia aliyoieleza mtafiti Richard Brislin mwaka 1970: mmoja anatafsiri, mwingine ambaye hajaona chanzo anairudisha kwenye lugha ya mwanzo, kisha mnalinganisha. Mwenzangu wa Kiswahili alitafsiri kauli nilizozitoa kwenye madodoso ya Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza akazirudisha. Kauli moja tuliyokuwa tumeiandika "Ninajiamini ninapotumia akili mnemba" ilirudi ikiwa na sura ya mtu anayejivuna. Tukamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu, ukisema kule kwetu 'huyu binti anajiamini sana,' humsifii kila mara."

Ni kweli. Neno hili lina pande mbili, na mtoto aliyefundwa adabu nyumbani hatajipa alama za juu kwenye kauli inayomfanya aonekane ana majivuno. Hasa msichana. Tukaliacha *kujiamini* kwenye kichwa cha mradi, ndani ya dodoso tukaweka *uhakika*: "Una uhakika kiasi gani kwamba…" Uhakika hauna majivuno.

Kauli za kukanusha tumezifuta zote. Vitabu vya utafiti hushauri uchanganye kauli za kukubali na za kukanusha ili kumnasa anayeweka tiki bila kusoma. Kwa Kiingereza labda. Kwetu ukimuuliza mtu "Hujala?" anakujibu "Ndiyo," maana yake ndiyo, sijala. Sasa mpe mtoto kauli "Siwezi kulieleza tatizo langu kwa akili mnemba" na umwambie achague *sikubali* ikiwa anaweza. Tuliwajaribisha walimu wenzetu watatu wakati wa chai, watu wazima wenye shahada, na wawili walisimama katikati kufikiria.

Likabaki jina la kitu chenyewe. Kwenye taarifa za habari nasikia *akili mnemba* na *akili unde*. Jamaa zangu wa Kenya wanasema *akili bandia*. Tumechagua *akili mnemba* kwa muda, tutaona watoto watasemaje.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya wazazi. Nimekusanya ridhaa. Wanafunzi wangu karibu wote hawajafika miaka 18, kwa hiyo mzazi au mlezi anasaini kwanza, halafu mtoto mwenyewe anakubali au anakataa bila kuulizwa sababu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na nimeieleza kwa kila mzazi kwa maneno ya kawaida: jina la mtoto halitaandikwa, kila dodoso litakuwa na namba, na daftari la namba litakaa kabatini kwangu kwenye ufunguo.

Bibi mmoja, mlezi wa mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuja akiwa amefunga, jua la saa saba kali. Nilimpa kiti chini ya mwembe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo mashine unayoisema ndiyo itamfundisha badala yako?"

Nikamwambia hapana, nataka tu kujua mjukuu wake anajionaje mbele yake, ili nijue namna ya kumsaidia.

Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Huyu tangu mdogo akiulizwa kitu anasema hajui. Anajua. Muulize mara mbili." Akaweka dole gumba kwenye wino, akabonyeza karatasi.

Nimeyaandika maneno yake pembeni ya dodoso. *Muulize mara mbili.*

Alhamisi, 20 Machi

Hii ndiyo siku iliyougeuza mradi. Naandika kwa kirefu nisije nikasahau.

Wiki hii nimekuwa nikiwachukua wanafunzi mmoja mmoja, saa za maandalio ya jioni, wasome dodoso kwa sauti na waseme kila kinachowapitia kichwani kabla ya kujibu. Sihesabu majibu. Nasikiliza maswali yangu yanavyosikika masikioni mwao.

Mambo madogo yalianza kujitokeza mapema. Msichana wa kidato cha pili alifika kwenye *akili mnemba* akasimama: "Mnemba si kisiwa cha Zanzibar?" Nilipomwonyesha toleo lenye *akili bandia*, mwingine alikunja uso akasema ni kama meno bandia, kitu cha kudanganyia, kwamba ukitumia akili bandia kwenye kazi ya shule umeibia. Hapo kauli yangu ilikuwa inapima aibu, na mimi nilikuwa nadhani inapima uhakika. Tumeamua kuweka sentensi moja mwanzoni inayoeleza akili mnemba ni nini na kutaja mifano wanayoijua, halafu neno libaki lile lile hadi mwisho.

Kisha akaja mvulana mmoja wa kidato cha tatu, mrefu, mpole, si wa mwisho wala wa kwanza. Alipokuwa anakaa aliniambia bila kuulizwa kwamba Desemba alikuwa na kaka yake, fundi wa vigae, huko Kihonda. Walikuta sebule yenye kona zilizokatika, mwenye nyumba anataka kujua maboksi mangapi ya vigae anunue, na kaka hakutaka kukosea tena kama nyumba iliyopita. Kijana akachukua simu ya kaka, akaigawa sebule vipande vitatu kwa kuchora kwenye mfuko wa saruji, akaandika vipimo vya kila kipande, akaiuliza akili mnemba eneo na idadi, akaongeza vya kuvunjika. Anasema lilibaki boksi moja na nusu. Alinisimulia hayo huku mikono ikipima hewani.

Tukaanza. Kauli ya tano: "Una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kutumia akili mnemba kutatua tatizo la hesabu ambalo hujawahi kukutana nalo?" Akaisoma kwa sauti, akaandika sifuri.

Nilisubiri. Sikutaka kumwongoza. Akasoma kauli ya sita, sifuri. Ya saba, sifuri.

"Mbona sifuri?" nikamuuliza mwishowe.

Akaniangalia kama anayehisi nimemtega. "Mwalimu, si haturuhusiwi?"

"Hamruhusiwi nini?"

"Simu. Hatuwezi kutumia."

Niliweka kalamu chini. Mtoto huyu alikuwa ananijibu kwa ukweli kabisa, na dodoso langu lilikuwa linamwandika kama asiyejiamini hata chembe. Kitenzi chetu *-weza* kinabeba zaidi ya nguvu. "Naweza kuingia?" anasema mtu mlangoni, na hapimi nguvu za miguu yake; anaomba ruhusa. "Mvua inaweza kunyesha." "Hapa huwezi kupita." Uwezo, ruhusa na uwezekano vyote viko ndani ya neno moja, na kwa mtoto anayeishi chini ya kengele na sheria za bweni, ruhusa ndiyo maana inayokuja kwanza. Niliporudi kwenye karatasi za wale waliotangulia, nikakuta sifuri za namna hiyo hiyo kwa wengine wawili ambao sikuwauliza. Nilizipita tu. Nimeumia kwa hilo.

Nikamkumbuka bibi yule, nikayaandika maneno yake tena upande wa juu wa ukurasa.

Usiku mwenzangu wa Kiswahili akaja na dawa: *kumudu*. "Unamudu kutumia akili mnemba kutatua…" Neno zuri, halina ruhusa ndani yake. Asubuhi nikalijaribu kwa mwanafunzi wa kwanza niliyempata. Akajibu, "Mwalimu, bando ni ghali, simudu." Tukaliacha. *Unajua kutumia*? Hiyo inauliza maarifa, na mtu anaweza kujua kitu na bado asithubutu kukifanya.

Tumeishia hapa. Ruhusa tunaitoa waziwazi kabla ya kuuliza, ili isibaki ndani ya kitenzi: "Fikiria umepewa kompyuta yenye intaneti na mwalimu amekuruhusu kuitumia saa nzima. Una uhakika kiasi gani kwamba utaweza…" Bandura anasisitiza uulize uwezo, usiulize nia, na kwa bahati Kiswahili kinatofautisha vizuri: *utafanya* ni nia, *utaweza kufanya* inabaki kuwa uwezo hata ikienda wakati ujao.

Yule kijana wa vigae nimempa karatasi mpya. Sifuri zake zote tatu zimegeuka.

Jumatano, 16 Aprili

Tumerudi kutoka mapumziko. Kazi ya leo: namba.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2006 wa kutengeneza vipimo vya namna hii, Bandura anapendekeza mizani ya 0 hadi 100, na kabla ya maswali yenyewe anaweka zoezi la kujaribia: una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kuinua kitu cha uzito huu, halafu kizito zaidi, halafu kizito zaidi ya hicho. Uzito wake ni wa ratili. Mimi nimeweka maji. Kubeba peke yako kutoka bombani hadi bwenini: ndoo ya lita 10, ndoo ya lita 20, ndoo mbili za lita 20 kwa pamoja, gunia la mahindi la kilo 100.

Darasa zima lilichangamka. Waliinama wakaandika, wakainua vichwa kuangaliana, wakainama tena. Na msichana wa dawati la nyuma akauliza swali ambalo ningependa kila mtunga dodoso alisikie: "Bomba lipi mwalimu? La jikoni, au la kule chini mtelemkoni?" Nikamsimamisha, nikawaambia wote wamsikilize. Huyo ndiye aliyenisaidia kuwaeleza kwamba uhakika hauna maana mpaka ujue kazi ni ipi na njia ikoje. Nikarekebisha: la mtelemkoni. Wengi wakafuta na kushusha namba zao.

Zoezi lilifanya kazi, ila mizani ya 0 hadi 100 haikufaa kabisa. Nilipozungumza nao baadaye, mmoja aliyejipa 45 karibu kila mahali aliniambia hakutaka kujipa F wala kujisifu, akachukua C ya mwanzo. Mwingine alijipa 75 kwa sababu ndipo A inapoanzia. Kwao namba yoyote kati ya 0 na 100 ni alama ya mtihani, na madaraja wanayajua kwa moyo: 75 A, 65 B, 45 C, 30 D. Walikuwa wanajisahihisha wenyewe na kujipangia daraja.

Mwongozo wenyewe unaruhusu mizani fupi ya 0 hadi 10 yenye maelezo yale yale: sifuri ni *sitaweza kabisa*, tano ni *nina uhakika wa wastani*, kumi ni *nina uhakika kamili*. Tumehamia hapo. Nimeondoa pia jina la dodoso. Juu sasa limeandikwa "Fomu ya Kujitathmini" na namba tu. Walipoona neno *kujiamini* kwenye kichwa, walikuwa wanajua mwalimu anataka kusikia nini, na watoto wetu wana heshima, watakupa unachotaka.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimepima kujiona na kutenda kwa pamoja, kwa wachache tu. Utaratibu: kwanza wanajaza uhakika wao kwa kazi iliyoelezwa, halafu wanaifanya kazi hiyo hiyo. Kazi lazima iwe ile ile. Ukimuuliza uhakika wa jambo moja ukampima kwa jingine, hujalinganisha kitu.

Kwa kuwa intaneti yetu haitabiriki, niliandaa karatasi. Juu kuna tatizo: tangi la maji la umbo la silinda lina kipenyo cha mita 1.4 na kimo cha mita 2. Linaingiza lita ngapi? Chini yake kuna jibu lenye hatua zote, limepangwa kama akili mnemba inavyopanga, sentensi nadhifu, namba zimekaa sawa. Kosa nimelitia mwenyewe: mahali pa nusu kipenyo nimeweka kipenyo chote. Kwa hiyo badala ya lita 3,080 jibu linatoka lita 12,320. Agizo: tumia jibu hili kama litakavyokusaidia, andika jibu lako la mwisho.

Mvulana mmoja alikuwa amejipa 10 kwenye "kupata jibu la tatizo kwa msaada wa akili mnemba." Alichukua karatasi, akaandika 12,320, akarudisha kabla sijakaa. Nilipomuuliza alivyofikia hapo, alinijibu kwa utulivu: "Umeniuliza kupata jibu, mwalimu. Nimepata." Na ni kweli, kauli yangu iliuliza hivyo. Alijitathmini sawasawa kwa kitu nilichokiuliza. Tatizo ni kwamba nilikiuliza kitu ambacho mashine inakupa bure.

Msichana aliyefuata alikuwa amejipa 2 kwenye "kukagua kama jibu la akili mnemba ni sahihi." Ni mdogo wa umbo, mhusika wa zamu ya maji wiki hii, mikono yake ilikuwa bado na unyevu. Alisoma jibu hadi mwisho, akarudi kwenye swali, akatazama nje ya dirisha. Nikadhani amekata tamaa.

"Mwalimu, simtanki la jikoni limeandikwa 3,000 ubavuni."

"Ndiyo."

"Mimi nikisimama pembeni yake linanizidi kidogo tu. Hili la kwenye swali ni mita 2. Ni kama lile lile." Akaweka kidole kwenye 12,320. "Lile la elfu kumi liko kwa wavulana, na ni kama chumba. Hili haliwezi kuwa kubwa kulishinda lile."

Kisha akateremka mstari kwa mstari na kidole, akasimama kwenye 1.4 mara 1.4, akasema polepole, "Hapa." Akagawa kwa mbili, akazidisha upya: 0.7 mara 0.7 mara 22/7 mara 2. Akaandika 3,080, akapigia mstari.

Nikamwonyesha ile 2 aliyojipa asubuhi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema alidhani kukagua akili mnemba ni mpaka uwe unajua kompyuta.

Nimeikalia sentensi hiyo jioni nzima. Alikuwa na uwezo wenyewe mikononi, kwenye ndoo na kwenye simtanki, na neno langu *kukagua* lilimwelekeza kwenye vifaa asivyovijua. Hakujidharau hovyo. Nilimuuliza kwa lugha iliyomficha uwezo wake.

Watoto wawili si takwimu, na sitaandika popote kwamba wavulana ni hivi na wasichana ni vile. Ninachojua ni kwamba kauli mbili zimeanguka na lazima zijengwe upya.

Ijumaa, 23 Mei

Rafiki yangu anayefundisha takwimu chuoni ameniuliza lini nitakokotoa alfa ya Cronbach. Nimemwambia itafika zamu yake. Alfa, tangu Cronbach alipoieleza mwaka 1951, inakuonyesha jinsi majibu ya kauli zako yanavyokwenda pamoja. Zile sifuri za mwezi Machi zingekwenda pamoja vizuri sana, maana wote waliosoma *ruhusa* wangejibu kauli zote namna moja. Kipimo kingeonekana thabiti, kumbe kinapima sheria za bweni kwa uthabiti.

Kauli sasa ni kumi na mbili. "Kupata jibu" imeondoka. Mahali pake ziko tatu: kulieleza tatizo mpaka akili mnemba ikuelewe, kuligawa tatizo vipande kabla ya kuuliza, kama kijana wa vigae alivyofanya na mfuko wa saruji, na kuamua ni sehemu ipi ya jibu utaikubali na ipi utaikataa. Kila moja inaulizwa mara mbili, kama mtu wa kukuelekeza yupo na kama uko peke yako. Nimelinganisha orodha na mfumo wa UNESCO wa umahiri wa akili mnemba kwa wanafunzi, ule uliotoka Septemba 2024 wenye umahiri 12. Upande wa maadili kwangu ni mwembamba. Nimeuacha hivyo kwa makusudi. Hili ni dodoso la kutatua matatizo, na nikilijaza kila kitu watoto watachoka kabla ya kauli ya nane.

Muda wa kujaza: walio wengi dakika kama kumi na tano, pamoja na zoezi la ndoo. Zoezi la ndoo linabaki.

Baada ya likizo ya Juni tutalipeleka kwa vidato vyote viwili, kabla klabu haijaanza, na tena mwisho wa muhula. Karatasi za majaribio ziko kabatini. Zile tatu zenye sifuri nimezitenga kwenye bahasha yao; sitazitupa.

Kauli ya tisa nimeiandika leo mchana nikiwa na yule msichana wa zamu ya maji. Nilimsomea ya zamani, nikamwomba aniambie angeiulizaje yeye kwa mwenzake. Alifikiri, akafuta neno langu moja, akaongeza lake, na hivi ndivyo itakavyochapwa:

"Ukiletewa jibu la akili mnemba kuhusu kitu unachokiona kila siku, kama tangi, shamba au ndoo, una uhakika kiasi gani kwamba utaweza kuona kuwa limekosewa?"

Nikampa kalamu ajijibu. Akaandika 7, akaitazama, akaniuliza kama anaruhusiwa kubadilisha. Nikamwambia karatasi ni yake. Akafuta, akaandika 8.